Pakanga ya Kando ya Mto: Mahali Pake ni Nusu ya Jina Lake



Mpenzi msomaji, juma hili safu yetu inauzungumzia mmea uitwao pakanga. Jina hili wauza dawa za miti shamba hulitamka huku wakifungua kikaratasi chenye majani makavu yaliyokwisha kusagika. Mama mwenye mtoto anayekohoa hununua kifungu hicho, akakitia sufuriani, akakichemsha. Ameuliza bei, ameuliza kipimo, ameuliza kinywewe mara ngapi kwa siku. Swali ambalo aghalabu haliulizwi ni lile lililostahili kutangulia yote: je, hii kweli ni pakanga?

Mwenyezi Mungu katika Suratul Israa, aya ya 36, anatukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na anatukumbusha kwamba masikio, macho na nyoyo vyote vitaulizwa. Mwenye kumnywesha mtoto maji ya jani asilolijua anaingia katika jambo hilo moja kwa moja. Basi tujifunze kuutambua mmea huu kwa macho, kwa vidole na kwa pua. Na zaidi ya yote tujifunze unapoishi, kwani ayajuaye makazi ya mmea amekwisha kuzijua nusu ya habari zake.

JINA MOJA, MIMEA MINGI

Pakanga ni mmoja wa ukoo mkubwa ambao wataalamu wa mimea huuita Artemisia. Ukoo huu una mamia ya aina, na wote wamo katika kabila moja na alizeti. Aina ya kwetu Afrika ni Artemisia afra, na ndiyo hasa iitwayo pakanga. Wengine huiita fivi. Wazulu na Waxhosa wa Afrika Kusini huiita umhlonyane, nao wameitumia tangu zamani kwa mafua na kikohozi.

Lakini pakanga ina ndugu zake. Waarabu wana shihi, kijiti cha jangwani chenye majani madogo ya kijivu, ambacho hufukizwa na kunywewa. Wachina wana Artemisia annua, mmea wa msimu mmoja uliotoa dawa ya malaria. Wazungu wana Artemisia vulgaris, ambayo humea kando ya mito na barabara huko Ulaya. Hawa wote ni ndugu, na ndugu hufanana sura. Hata hivyo tabia hutofautiana, na yaliyomo ndani ya majani yao si mamoja. Anayesema "yote ni pakanga tu" ni sawa na anayesema kwamba papa na changu ni mamoja kwa kuwa wote hutoka baharini.

Jambo hili wanazuoni wetu walilitambua mapema. Abu Rayhan al-Biruni, aliyeishi katika karne ya 11, aliandika kitabu cha madawa kiitwacho Kitab al-Saydana, akayakusanya majina ya kila dawa katika lugha mbalimbali, kwani alijua kwamba jina likivuka mipaka huweza kupotea njia. Baada yake akaja Ibn al-Baytar, mzaliwa wa Andalusia, aliyefariki Damascus mwaka 1248. Huyu hakutosheka na kusoma vitabu vya waliomtangulia, bali alisafiri nchi hadi nchi akiitazama mimea pale pale inapomea, kisha akaandika. Kwake yeye kuujua mmea kulikuwa ni kuuona ukiwa umesimama kwenye udongo wake.

MAKAZI YAKE

Nasi tufuate mwendo huo. Pakanga ya Afrika huenea kuanzia Rasi ya Afrika Kusini, ikapitia Afrika Mashariki, hadi Uhabeshi. Lakini katika nchi zetu hizi zilizo karibu na Ikweta haishuki bondeni kwenye joto. Makazi yake ni nyanda za juu, kwa kawaida kuanzia kama mita 1,500 juu ya usawa wa bahari na kupanda, pengine kupita mita 3,000. Hapa Kenya hupatikana kwenye miteremko ya Mlima Kenya, katika milima ya Aberdare na Mlima Elgon. Na kwa jirani zetu wa Tanzania, kwenye Kilimanjaro.

Katika nyanda hizo nako ina mahali inapopapenda. Hupenda kingo za vijito, pembezoni mwa msitu ambapo miti imeachana na jua linafika, na miteremko yenye mawe ambayo maji hayatuami. Hailali ndani ya maji kama matete, wala haijifichi katika kivuli kizito. Husimama ukingoni: miguu karibu na unyevu, kichwa kwenye jua. Mara nyingi humea kwa kundi, kichaka kimoja kikishikana na kingine, hata mtu akiwa mbali huliona doa la kijivu kati ya kijani cha majani mengine.

Sasa tuutazame mto Tana, kwa kuwa ni mto wetu sisi watu wa pwani. Maji yake huanzia huko huko Aberdare na Mlima Kenya, kwenye vijito baridi ambavyo pakanga husimama kingoni mwake. Kisha mto hushuka, ukapita mabwawa ya umeme, ukafika Garissa kwenye ukame, ukaendelea Hola na Garsen, ukaingia Bahari Hindi pande za Kipini, baada ya safari ya takriban kilomita 1,000. Maji ni yale yale, lakini kingo si zile zile. Kule juu ni baridi na umande. Huku chini ni mikoma, mikuyu na mathenge, na mwisho kabisa ni mikoko kwenye maji ya chumvi.

Sababu yake ni joto. Kwa kila mita 1,000 unazopanda, hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6. Mwanakijiji aliye mita 2,000 juu anaishi katika hewa yenye baridi ya nyuzi 12 au 13 zaidi ya ile ya Malindi, na mmea uliozoea hewa hiyo haushuki na maji kuja kuishi mwituni pamoja nasi. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba pakanga yake ameichuma mwituni kando ya Sabaki, karibu na daraja la barabara ya Malindi, au kwenye kingo za Tana pale Garsen, una haki ya kushuku kabla hata hujaliona jani. Kupandwa bustanini ni jambo jingine: mtu anaweza kuileta kutoka bara akaitunza kwenye chungu, na hiyo itapimwa kwa umbile lake. Ama ile ya mwituni, mahali inapotoka ni shahidi wa kwanza.

ALAMA ZAKE

Shahidi mmoja hatoshi. Zifuatazo ni alama za pakanga ya Afrika, nazo zitakiwe zote kwa pamoja.

Kwanza ni kimo na shina. Pakanga ni kichaka kinachoishi miaka mingi. Hufika kimo cha kiuno cha mtu mzima, na pengine hupita kichwa. Shina lake chini ni gumu kama kuni, nalo lina mifuo midogo inayokwenda juu, ambayo utaihisi ukipitisha kidole.

Pili ni jani. Jani la pakanga limechanwa-chanwa mara mbili au tatu, hata likafanana na unyoya laini. Urefu wake ni kama wa kidole cha kati, au chini ya hapo.

Tatu ni upande wa chini wa jani, na alama hii ndiyo hupitwa na wengi. Ligeuze jani. Juu ni kijani kilichofifia. Chini utaona weupe wa kijivu, kwa sababu ya vinyweleo vidogo sana vilivyolala kama vumbi la unga. Machipukizi nayo huwa na vinyweleo hivyo, na ndiyo maana kichaka kizima huonekana cha kijivu kwa mbali.

Nne ni harufu. Lifikiche jani kati ya vidole: harufu yake ni kali, yenye utamu kidogo, na hubaki mkononi kwa muda. Wala usionje ili kutambua. Uchungu umo katika mimea mingi, na mingine ni sumu.

Tano ni maua. Maua ya pakanga ni madogo mno, kama vifungo vya nguo ya mtoto mchanga, rangi yake ni manjano iliyopauka, nayo huinamisha kichwa chini. Hukaa kwa mashada marefu kwenye ncha za matawi. Hayana petali za kuonekana kama za alizeti.

Majani yakiwa makavu lakini mazima, loweka moja katika maji ya uvuguvugu, ulikunjue taratibu juu ya sahani nyeupe, uutazame upande wake wa chini. Yakiwa yamekwisha kuwa unga, hakuna jicho litakaloyatambua, na dawa isiyotambulika haina nafasi katika kikombe cha mtoto.

WANAOFANANA NAYO

Anayefanana na pakanga kwa hatari zaidi katika mazingira yetu ni gugu karoti, ambalo wataalamu huliita Parthenium hysterophorus. Asili yake ni Amerika ya kitropiki, na sasa limeenea Afrika Mashariki kando ya barabara, kwenye malisho, katika viwanja vilivyoachwa na kwenye kingo za mito. Likiwa changa bila maua, majani yake yaliyochanika huweza kumdanganya mtu, na shina lake nalo lina mifuo. Lakini ligeuze jani: halina ule weupe wa unga upande wa chini. Nalo ni la msimu, huanza kwa majani yaliyotandaa chini kama ya karoti, na maua yake ni meupe, madogo, yaliyosimama wima. Gugu hili husababisha mwasho na vipele kwa anayelishika mara kwa mara, na huwachochea wenye pumu. Basi fikiria mtu akilichemsha na kumfunika mtoto blanketi ili ajifukize mvuke wake.

Wa pili ni lile gugu refu la mashamba ya bara ambalo Wakikuyu huliita mubangi. Lina harufu kali na jani lililogawanyika, kwa hiyo anayetegemea pua peke yake huhadaika. Tofauti yake ni kwamba kila kipande cha jani lake kina meno-meno kama msumeno, na ukilielekeza juani utaona vitone vya mafuta vya rangi ya machungwa. Pakanga haina vitone hivyo.

Wa tatu ni ndugu yake wa China, Artemisia annua, ambayo hupandwa katika baadhi ya sehemu za Afrika Mashariki. Huyu ni kijani kibichi pande zote mbili za jani, na maisha yake ni ya msimu mmoja.

Kwa wasomaji wenye jamaa Uingereza, tuongeze neno moja. Ile Artemisia vulgaris ya kando ya mito ya huko hutambulika kwa jani la kijani kilichokolea juu na jeupe kabisa chini, na shina ambalo mara nyingi huwa na wekundu wa zambarau. Chavua yake huwaletea watu wengi mafua ya mzio mwishoni mwa kiangazi. Katika kingo hizo hizo humea mmea wa sumu ya kuua, Conium maculatum, wenye majani yaliyochanika, shina tupu ndani, laini, lenye madoa ya zambarau, na jani lisilo na weupe chini. Mwambieni binti aliyeko huko asichume chochote mtoni kwa kukisia.

HOMA NA PAKANGA

Hapa ndipo kosa la utambuzi linapogharimu uhai. Kwa kuwa watu wamesikia kwamba dawa ya malaria hutokana na mmea wa ukoo huu, wengine wamehitimisha kwamba kikombe cha pakanga kinatosha kumtibu mwenye homa. Tuyapambanue.

Dawa hiyo ilitokana na ile Artemisia annua ya China. Mwanasayansi Tu Youyou na wenzake walisoma vitabu vya kale, wakaona katika kitabu kimoja cha karne ya 4 kwamba mmea huo ulilowekwa kwenye maji na kukamuliwa, bila kutajwa kuchemshwa. Akabadili njia, akaitoa dawa kwa joto dogo, na mwaka 1972 kiini chake, artemisinini, kikapatikana kikiwa safi. Kwa kazi hiyo alishiriki Tuzo ya Nobel ya mwaka 2015. Vidonge vya mseto tunavyopewa zahanati leo vina dawa iliyotokana na kiini hicho, kwa kipimo kilichohesabiwa kulingana na uzito wa mgonjwa, pamoja na dawa ya pili ya kuisaidia.

Pakanga yetu ya Afrika haina artemisinini ya kutegemewa. Na hata ule mmea wa China wenyewe, ukinywewa kama chai, kiasi cha dawa hubadilika kikombe hadi kikombe. Huenda homa ikatulia kidogo na vimelea vikabaki katika damu, vikijifunza kuishinda dawa. Kwa sababu hizo, mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitangaza kwamba haliungi mkono matumizi ya mmea wa Artemisia, kwa namna yoyote ile, kuzuia au kutibu malaria. Kwa sisi wa pwani, ambao malaria ni jirani, neno hili si dogo. Mtoto akipata homa apelekwe kupimwa damu siku hiyo hiyo. Malaria ya mtoto mdogo humbadilikia kwa saa, wala haingoji sufuria ichemke.

MAMA MJAMZITO

Mafuta yaliyomo ndani ya pakanga yana kemikali iitwayo thuyoni, ambayo ikizidi hudhuru mishipa ya fahamu na huweza kuleta kifafa. Kiasi chake hutofautiana kutoka kichaka hadi kichaka, kwa hiyo "kijiko kimoja" cha mtu mmoja si kijiko cha mwingine. Mmea huu pia hujulikana kwa kusukuma tumbo la uzazi. Mama mjamzito asiunywe kabisa, anayenyonyesha aujiepushe, na watoto wadogo na wenye kifafa wasipewe. Mwenye mzio wa maua ya jamii ya alizeti naye achukue tahadhari.

Bibi zetu na makungwi walio na ujuzi wa dawa za asili wanaheshimika, na mwenye ujuzi wa kweli ndiye wa kwanza kusema "hili silijui". Katika Hadithi iliyopokewa na Abu Daud, Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kwamba anayewatibu watu ilhali hajulikani kwa utabibu hubeba dhamana ya madhara atakayoyaleta. Dhamana hiyo haiondolewi na nia njema, wala na udugu.

ADABU YA KUNUNUA NA KUCHUMA

Ukinunua, omba tawi zima lenye majani, na likiwa na maua ni bora zaidi. Muulize muuzaji limetoka wapi, na lini. Jawabu "limetoka bara" halitoshi. Muulize ni bara gani, mlimani au bondeni. Mwaminifu hatachukia.

Ukisafiri bara na kuona kichaka unachodhani ni pakanga, chuma tawi moja, lilaze kati ya karatasi za gazeti, weka vitabu vizito juu yake, na ubadilishe karatasi kila siku hadi likauke. Andika pembeni mahali ulipolichuma, tarehe, na kama palikuwa mtoni, msituni au shambani. Tawi kama hilo linaweza kutambuliwa na wataalamu wa hazina ya mimea iliyoko katika Makumbusho ya Taifa, Nairobi. Nao watakachokitaka mwanzo, pamoja na tawi lenyewe, ni hayo maelezo ya mahali.

Na ukichuma, using'oe. Mizizi ya vichaka vya ukingoni hushika udongo usiporomoke mtoni, na udongo unaoporomoka huko juu ndio unaolitia tope jekundu bahari yetu pale Sabaki inapoingia. Chukua vitawi vichache, uache kichaka kikiishi. Israfu haifai, hata katika kitu kisichonunuliwa.

Tumefundishwa kwamba Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuteremshia dawa yake. Kuitafuta dawa hiyo ni wajibu wetu, na kuitambua ni sehemu ya kuitafuta. Basi kabla ya kuwasha moto jikoni, mama, ligeuze jani ulitazame mgongo wake, kisha uulize lilikotoka. Ukikosa jawabu, lirudishe kikaratasini, na umpeleke mtoto kwa mganga wa zahanati.

Wabillahi tawfiq.